Muulize Shangazi: "Wewe utaondoka, mimi nitabaki nao usiku"

Shangazi, shikamoo. Baba yangu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukapooza, na sasa yuko kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Ohio. Mara nyingi namkuta amelowa, nepi haijabadilishwa, chakula kimepoa mezani. Akibonyeza kengele husubiri mpaka anakata tamaa. Nikitaka kwenda kwa wakubwa, ananishika mkono: "Wewe utaondoka, mimi nitabaki nao usiku." Jirani ameniambia kuna watu wanaojitolea kuwatetea wazee. Ni kina nani hao? Nikiwaita nitakuwa nimemsaidia baba au nimemponza?
Binti wa Tanga, Columbus

Marahaba binti yangu, na pole sana. Maneno ya baba yako nimeyasikia kwa wazee wengi katika nyumba ninayoitembelea kama mtetezi wa kujitolea, hata kwa wale waliozaliwa na kukulia Marekani. Mtu anayemtegemea mwenzake amgeuze kitandani saa nane za usiku hathubutu kumuudhi. Hofu hiyo usiipuuze, wala usimwone baba mwoga.

Jirani yako amesema kweli. Wapo chini ya mpango wa Marekani uitwao Long-Term Care Ombudsman, yaani mtetezi wa wanaotunzwa kwa muda mrefu, ulioanza kwa majaribio mwaka 1972. Mwaka 1978 sheria ikaagiza kila jimbo liwe nao. Huduma yao ni bure. Hawalipwi na nyumba ya wazee, na sheria inawapa ruhusa ya kuingia humo na kuonana na wakazi. Ila si wakaguzi na hawatozi faini. Hiyo ni kazi ya ofisi nyingine za serikali.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Mtetezi atamfanyia kazi baba yako, hata kama wewe ndiye uliyepiga simu. Atavuta kiti, ataomba mlango ufungwe, na swali atamuuliza yeye: "Mzee, unataka nifanye nini?" Baba akisema asiambiwe mtu, haambiwi mtu. Sheria inamkataza mtetezi kutaja jina la mzee, au la aliyepeleka malalamiko, bila ridhaa yao. Watoto wengi hukasirika wakifika hapo, wanaona ushahidi upo na bado kunasubiriwa ruhusa. Mimi naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Baba yako amepooza mkono, akili yake ni nzima, na atakayelala kwenye kitanda kile usiku ni yeye. Kama akili ingekuwa imemtoka, mtetezi angezungumza na mwenye mamlaka ya kisheria ya kumwakilisha.

Na akikataa jina lake litajwe, njia bado ipo. Wakazi wana haki ya kuwa na baraza lao, na kengele kutoitikiwa huwa ni kilio cha korido nzima. Mtetezi anaweza kufika jioni, akakaa, akaziona mwenyewe taa za kengele zinazowaka juu ya milango bila mtu kuja, kisha akalipeleka kama jambo la wote.

Wewe nawe una la kufanya. Niliwahi kuingia chumba cha mzee mmoja aliyesemwa kuwa "hapendi kuita". Kengele yake ilikuwa imebanwa kwenye shuka upande wa mkono uliopooza. Kwa ruhusa yake tuliomba ihamishiwe upande wa pili, na kikaratasi kikabandikwa ukutani kuwakumbusha watu wa zamu ya usiku. Ukienda kesho, angalia kengele ya baba iko upande gani, na kama mkono wake wa kulia unaifikia jagi ya maji. Andika saa uliyofika na ulichokikuta.

Kisha uliza tarehe ya mkutano wa mpango wa matunzo yake. Mpango huo hupitiwa angalau kila miezi 3, na baba ana haki ya kuwepo na kusema. Tangu sheria ya nyumba za wazee ya mwaka 1987 ana haki pia ya kulalamika bila kulipiziwa kisasi. Wenye nyumba hiyo wakitaka kumtoa, kwa kawaida ni lazima wampe notisi ya maandishi siku 30 kabla, yenye sababu, naye anaweza kukata rufaa. Msomee haya polepole, labda usingizi utampata.

Kuhusu lugha: kama Kiingereza kinampa taabu, dai mkalimani. Usijitwishe kazi hiyo wewe mwenyewe, kwa sababu kuna mambo baba hatayatamka mbele ya binti yake, na la nepi ni mojawapo.

Wahudumu nao wasalimie kwa majina. Baadhi yao ni wenzetu kutoka Kenya, Kongo na kwingineko, na mmoja huachiwa wazee wengi kupita nguvu zake. Mimi huanza kwa kuuliza zamu ina watu wangapi.

Simu ya ofisi ya ombudsman inapaswa kuwa imebandikwa ukutani, mahali wakazi wanapoweza kuiona. Usipoiona, piga Eldercare Locator, simu ya taifa inayoelekeza watu kwenye huduma za wazee, 1-800-677-1116. Lakini ukimkuta ana alama za kipigo au yuko hatarini, piga 911 papo hapo.

Shangazi, mimi nimestaafu uuguzi, niko Dallas. Nawezaje kuwa mtetezi kama wewe, na kuna malipo?
Muuguzi Mstaafu

Mshahara hakuna, mwenzangu. Kuna mafunzo, yasiyopungua saa 36 kabla ya kupewa kibali, na mengine kila mwaka. Waeleze mapema kama wewe au mtu wa familia yako amefanya kazi katika nyumba ya wazee hivi karibuni, kwa kuwa huo ni mgongano wa maslahi na watataka kuumaliza kwanza. Uuguzi wako utakufaa macho, lakini mikono utaifunga: hutamgeuza mzee wala kumlisha, hata ukiona inafanywa vibaya. Utaita mhusika, na utabaki pale mpaka afike. Waambie pia kwamba unazungumza Kiswahili, tena ukiandike kwenye fomu. Kuna wazee wetu wanaopitisha siku nzima bila kusikia neno la kwao.