Nilikataa kuandika "Haina GMO" kwenye unga wangu, na sababu ni hii

Mkuu, umeuliza kwa nini serikali isiamuru tu kila pakiti ya chakula iandikwe "ina GMO" (yaani zao lililobadilishwa vinasaba kwa uhandisi jeni) au "haina GMO", maana ni wino kidogo tu na mlaji atajua anachokula. Kwenye haki ya kujua nakuunga mkono kwa moyo wote. Hapo kwenye "wino kidogo tu" ndipo tunapoachana, kwa sababu maneno hayo nimeshaombwa niyaandike.

Niko Masasi, nasindika unga wa lishe: mahindi, soya, karanga na ulezi. Mwaka juzi mwenye duka mmoja wa Mtwara mjini aliupenda, akataka nimpelekee kila mwezi. Sharti lake lilikuwa moja: "Dada, weka pale mbele 'Haina GMO', kwa kijani, iwe kubwa. Wateja wangu wanaiulizia." Karanga zangu nazijua. Ni Pendo, mbegu ya kituo cha utafiti cha Naliendele, na wanaoniuzia nawajua hadi mashamba yao. Mahindi na ulezi vilevile. Tatizo lilikuwa soya. Nilikuwa naichukua sokoni kwa mfanyabiashara ambaye ukimuuliza chochote jibu lake ni "mzigo wa Songea huu".

Siku hiyo nikamwaga magunia yake matatu juu ya turubai. Moja lilikuwa la sukari, jingine maandishi yalishafutika, la tatu lilikuwa mfuko wa mbolea uliogeuzwa ndani nje (hilo nililirudisha siku ileile, na naomba kila anayesindika chakula awe anageuza magunia kabla ya kulipa). Punje zenyewe zilikuwa mchanganyiko: kubwa zenye kitovu cheusi, ndogo zenye kitovu cheupe, kwenye gunia lilelile. Maana yake zilikusanywa huku na huku. Ipi imebadilishwa vinasaba na ipi haijabadilishwa, hutajua kwa macho wala kwa kutafuna. Utaambiwa na kipimo cha maabara, au na daftari la aliyepanda na la kila aliyeupokea mzigo baada yake. Mimi sikuwa na hata kimoja.

Utasema Tanzania GMO hailimwi kibiashara. Kweli. Majaribio ya mahindi ya Makutupora, Dodoma, yaliyoanza 2016, yalisitishwa 2018, na Januari 2021 Adolf Mkenda, waziri wa kilimo wakati huo, akatangaza kufuta tafiti za namna hiyo. Lakini katazo la kulima halinithibitishii kilichomo ndani ya gunia lisilo na kwao. Soya inazunguka dunia nzima, na Marekani peke yake zaidi ya asilimia 90 ya soya wanayolima ni GMO. Nikampigia mwenye duka nikamwambia siandiki. Akachukua unga wa mwingine, uliokuwa umeandikwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa tazama wenzetu waliobishana kabla yetu. Marekani, jimbo la California walipiga kura Novemba 2012, lebo ya lazima ikashindwa kwa tofauti ndogo, huku kampuni za mbegu na za vyakula zikiwa zimemwaga zaidi ya dola milioni 40 kuipinga. Jimbo la Vermont wakapitisha sheria yao 2014, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2016. Mwezi haujaisha, tarehe 29, Obama akasaini sheria ya nchi nzima iliyoifuta ile ya Vermont. Sheria hiyo mpya ililazimisha lebo kuanzia 2022, ila iliziruhusu kampuni kuweka msimbo wa kuskani kwa simu badala ya maneno. Mama wa Chikundi mwenye kitochi huo msimbo ataufanyia nini? Tena kwa kanuni zilizoanza nayo, mafuta ya soya yaliyosafishwa hadi vinasaba havionekani kwenye kipimo hayakulazimika kuandikwa, hata kama soya yote ilikuwa ya GMO.

Ulaya swali lao ni jingine. Wao wanauliza kimetoka wapi, hawaishii kwenye kimebaki nini. Mafuta yaleyale kwao yanaandikwa. Mchanganyiko wa bahati mbaya unavumiliwa hadi asilimia 0.9 kwa kila kiambato, na kila anayeuza mzigo wa GMO anampa mnunuzi maandishi, kisha kumbukumbu zinatunzwa miaka mitano. Nao wameacha mwanya: nyama, maziwa na mayai ya mifugo iliyolishwa GMO hayaandikwi. Lakini msingi wao ndio ninaoutaka hapa kwetu.

Watu wa kusini hili tunalielewa kuliko tunavyodhani. Niliwahi kuwa karani wa msimu kwenye chama cha msingi cha ushirika wa korosho. Gunia la korosho likirudishwa kutoka ghala kuu lina kokoto, hatukubishana. Tulisoma namba iliyopakwa kwenye gunia, tukafungua daftari, kufika jioni mwenye gunia ameshaitwa. Lililotushinda ni lile la kangomba, yaani walanguzi wanaonunua nje ya chama, lililopita mikono mitatu kabla ya kufika kwetu. Mkulima aliyeandikwa anakuapia kokoto si zake, na huenda anasema kweli.

Kwa hiyo sheria ikija, ianzie kwa mwagizaji bandarini na kwa mfanyabiashara wa jumla, wabebe karatasi za asili ya mzigo hadi kwangu. Ikianzia kwa msindikaji mdogo, tutaandika wote "Haina GMO" kwa kuogopa kukosa soko, na mlaji atakuwa amedanganywa kwa mujibu wa sheria.

Nyingine, na hii inanisikitisha: kuna mteja alizikataa karanga za Naliendele akisema ni "za maabara". Zile ni mbegu zilizopatikana kwa kuchagua na kuzalisha, uhandisi jeni haumo. Mahindi chotara nayo watu wanayaita GMO. Na GMO yenyewe si jina la sumu. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko sokoni sasa vimepita tathmini za usalama. Mimi nataka lebo kwa sababu mtu ana haki ya kuchagua, hata kama sababu yake ni imani yake au msimamo wake kuhusu mbegu.

Siku hizi nanunua soya kwa kikundi cha wakulima wa Namtumbo. Pakiti inasema "Soya: Namtumbo, Ruvuma", chini yake namba ya toleo, na kila toleo lina ukurasa wake kwenye daftari. Februari soya yao iliisha, nikalazimika kununua sokoni kumalizia oda. Pakiti zilikuwa zimeshachapwa. Nikakaa na binti yangu hadi saa nne usiku, tunabandika stika nyeupe juu ya neno Namtumbo, pakiti 240, moja moja kwa mkono.