Kusafisha filamu za 4x5 nyumbani kwenye joto la pwani

Mkuu, umeuliza mambo matatu: maji ya bomba huko Tanga yanafika nyuzi 29 wakati maelekezo yote yanasema 20, sasa utafanyaje, kama filamu za 4x5 (zile za vipande bapa, inchi 4 kwa 5) zinaweza kusafishwa kwenye trei bila tangi, na kama taa nyekundu inaruhusiwa. Mimi nasafisha filamu hizo nyumbani Dar, bafuni, usiku, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyafanya.

Tuanze na joto, maana huku kwetu linaharibu kazi kuliko mwanga. Achana na nyuzi 20. Ukiishusha dawa (developer, ile inayoitoa picha) hadi hapo kwenye chumba chenye 30, itapanda tena ukiwa gizani, na hutajua filamu imesafishwa kwa joto gani. Mimi nafanya kila kitu kwa 24. Jedwali la kampuni ya Ilford linatoa dakika 11 kwa filamu yao ya FP4 Plus kwenye dawa yao ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kwa nyuzi 20. Kwa 24 muda unashuka hadi kama dakika 8, na kwa kuwa kwenye trei filamu hazitulii hata kidogo, napunguza tena hadi 7. Usiende chini ya dakika 5. Dawa haitapata nafasi ya kufanya kazi sawasawa, na anga kwenye picha litatoka na mabaka.

Kuliko hiyo 24 yenyewe, angalia zaidi kwamba maji ya kulowekea, dawa, siki (inayosimamisha kazi ya dawa), fiksa (inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) na maji ya kusuuzia yana joto linalokaribiana. Utando unaobeba picha ni jelatini. Ukiwa ndani ya dawa unavimba na kulainika, na joto linazidisha ulaini huo. Filamu ikitoka kwenye 24 ikaangukia maji ya bomba ya 29, utando unaweza kujikunyata vikunyanzi vidogo ambavyo haviondoki tena. Ndiyo maana mimi najaza ndoo zote mapema na kutumbukiza mifuko ya barafu iliyofungwa vizuri ili isizimue chochote, kisha trei zenyewe naziweka ndani ya karai pana lenye maji ya 23 hivi. Maji mengi hayapandi joto haraka. Na asikukatishe tamaa mtu anayesema bila kiyoyozi haiwezekani. Capital Art Studio ya Unguja ilifunguliwa mwaka 1930, na kazi ilifanyika katika hali hii hii ya hewa.

Trei zinatosha kabisa. Chukua zinazoizidi filamu kidogo tu. Kwenye trei kubwa filamu zinatawanyika, na kona ya moja inachora uso wa nyingine. Anza na nne, usizidishe. Gizani utaujua upande wa utando kwa vipengo vilivyokatwa ukingoni: ukiisimamisha filamu wima na vipengo vikawa kona ya juu kulia, utando unakutazama wewe. Zilaze zote utando ukiwa juu.

Kwanza kwenye maji matupu, moja moja, kila moja izame yote ndipo ufuate na nyingine. Kavu ikigusa mbichi zinanatana, na ukizivuta utando unachunika. Zikishalowa hazinatani tena. Kuanzia hapo unazipanga upya kama karata: vidole vya mkono wa kushoto vinainua rundo kidogo, mkono wa kulia unaichomoa ya chini kabisa, unaitoa nje, unailaza juu na kuizamisha kwa ncha za vidole zilizolala. Moja kila baada ya sekunde 5, unahesabu kimoyomoyo. Usiburute wala usikandamize. Kata kucha, vaa glavu nyembamba zinazobana (ID-11 ina kemikali iitwayo metol, na kuna watu inawawasha ngozi), na funga kitambaa kwenye paji la uso, maana jasho litadondokea kwenye trei.

Baada ya dawa, siki nyeupe ya dukani, kipimo kimoja kwa vitatu vya maji, nusu dakika hivi. Halafu fiksa. Kabla ya kuanza, tupia kipande cha filamu ndani ya fiksa ukiwa kwenye mwanga na uhesabu muda wa ule weupe wa maziwa kutoweka; filamu zako zikae angalau mara mbili ya muda huo.

Taa: FP4 Plus na HP5 Plus zinaona rangi zote, nyekundu ikiwemo. Ni giza tupu, simu na saa ya mkononi vibaki nje. Kanga mlangoni haitoshi, weka blanketi, kisha kaa ndani dakika kumi macho yazoee ndipo utaona panapovuja. Ilford Ortho Plus haioni nyekundu, hiyo unaweza kuisafisha ukiitazama.

Kwenye kusuuza, badilisha maji mara nyingi kuliko kuacha bomba likitiririka. Kama unatumia kisima chenye chumvi, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, la sivyo utabaki na madoa meupe. Tundika kwa kona moja bafuni, feni imezimwa. Masika subiri hadi asubuhi.

Kabla hujagusa filamu ya bei, fanya zoezi mchana kwa filamu iliyoharibika, macho wazi, kisha umefumba. Halafu tafuta filamu za eksirei zile zinazoona kijani, kwa wauza vifaa vya hospitali. Unazikata kwa vipimo vya 4x5 chini ya taa nyekundu na bei yake inavumilika. Zina utando pande zote mbili na zinachubuka upesi, kwa hiyo hizo safisha moja moja.