Maswali ya Wasomaji: Mtenda na Mtendwa katika Kilatini na Kiojibwe

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Kilatini, na pia Kiojibwe kinachozungumzwa na wenyeji wa asili wa Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, huongeza kiambishi mwishoni mwa nomino ili kumtenga mtendwa na mtenda. Je, ni jambo lile lile? Na Kiswahili kina chochote cha kufanana nalo? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Si jambo lile lile, ingawa ni rahisi kudhani hivyo. Katika Kilatini, "puella canem videt" maana yake ni msichana anamwona mbwa, na "puellam canis videt" ni mbwa anamwona msichana. Ile -m ndiyo inayomtambulisha mtendwa, kwa hiyo maneno yanaweza kupangwa upya bila kuleta utata wa nani kamwona nani.

Kiojibwe nacho husema "inini owaabamaan ikwewan", yaani mwanamume anamwona mwanamke, na mtu mwenye haraka angeiona -wan kuwa ndugu wa -m. Lakini tazama sentensi hii: "inini owaabamigoon ikwewan". Nomino ni zile zile, viambishi vyake havikubadilika, mpangilio haukuguswa, na hata hivyo sasa mwanamke ndiye anayemwona mwanamume. Kilichobadilika ni kitenzi, ambamo -aa- imeipisha -igoo-. Basi -wan haisemi nani katenda. Husema ni yupi, kati ya wawili wanaozungumziwa, aliyewekwa nyuma ya mwenzake katika habari, na kitenzi ndicho kinachoamua iwapo tendo linatoka kwa aliye mbele au kwa aliye nyuma. Nisingeifasiri sentensi hiyo kwa kauli yetu ya kutendwa, kwa sababu "mwanamume anaonwa" hujitosheleza bila mtenda, ilhali kitenzi hicho cha Kiojibwe hudai wahusika wote wawili.

Kiswahili hakina kiambishi tamati cha nomino cha aina hiyo. Kwetu kazi ya kumtaja mtenda na mtendwa hubebwa zaidi na viambishi awali vya kitenzi, kama a- na -mw- katika "anamwona". Kufanana kupo penginepo, kwenye mahali: kwa Kiojibwe "jiimaan" ni mtumbwi na "jiimaaning" ni mtumbwini, ingawa lugha hizi mbili hazina undugu wowote. Kilatini pia kilikuwa na uhusika wa mahali (umbo la nomino la kuonyesha mahali), ila ulisalia hasa katika majina ya miji na maneno machache, mojawapo likiwa "domi", yaani nyumbani.