Usinunue mikanda ya mtumba: yaliyonipata kona ya tatu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia. "Shikamoo kaka. Mimi na wenzangu watatu tumepata ganda la gari la Subaru Impreza, tunalijenga wenyewe kwa ajili ya mbio. Injini iko vizuri sana. Kuna jamaa anatuuzia mikanda ya usalama ya dereva, ya pointi nne, yaani inayofungwa garini sehemu nne, ameitoa kwenye gari lililopinduka, bei nzuri. Unaionaje?" Akaambatanisha picha. Mikanda myekundu, imepauka sehemu za mabegani, na pale inapokaa lebo ya kiwanda zimebaki nyuzi tu.

Niliitazama ile picha mpaka nikachelewa kuingia zamu. Ninajua lebo hutokaje pale. Nitalisema hapa chini, maana sijawahi kulisema hadharani.

Kwa mliofika leo: mimi ni mtoto wa Tanga, mchomeleaji kwa kazi, naishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Kutoka hapa hadi Knoxville ni mwendo wa saa moja kasoro. Ni mji mdogo, wakazi hawafiki elfu kumi, lakini kila Agosti unafurika watu wanaokuja kwa ajili ya Knoxville Nationals, mashindano makubwa kuliko yote ya magari ya sprinti, ambayo yalianza 1961. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenipeleka pale Jumamosi moja. Gari lina kiti kimoja. Halina klachi, halina gia za kubadilisha, halina hata stata. Linasukumwa na pikapu kwa nyuma mpaka linguruke. Juu limebeba bawa la bati la futi tano kwa tano la kulikandamiza ardhini. Yale makubwa yana injini ya inchi za ujazo 410 yenye nguvu za farasi kama 900, na gari zima pamoja na dereva halifiki kilo 700. Mzunguko wa nusu maili kwenye udongo mweusi unachukua kama sekunde 15, na vipande vya udongo vinakufuata mpaka jukwaani. Usiku ule nilimwambia mke wangu: mimi hii nitaiendesha. Nadhani unanisoma kwa sababu na wewe kuna siku ulimwambia mtu maneno hayo.

Miaka mitatu ya kukwangua tope kwenye magari ya watu naipita. Mwaka wa nne nilinunua chesisi ya zamani na injini ya inchi za ujazo 305, daraja la chini kwa wanaoanza. Kizimba, yale mabomba ya chuma yanayomzunguka dereva, nilikikagua mshono kwa mshono, na bomba la juu kulia nikalikata nikaweka jipya. Kwenye kuchomelea mabomba sina wasiwasi na mkono wangu. Vizimba vinane nimevitengeneza au kuvikarabati, magari yake mengine yamebiringika, na hakuna mshono hata mmoja ulioachia. Hilo nalisema kwa fahari.

Pesa zote zikaliwa na injini na matairi. Mikanda mipya ilikuwa kama dola mia mbili. Nikainunua iliyotumika kwa dola sitini, kwa bwana mmoja aliyekuwa anaacha mbio. Lebo ilionesha imetengenezwa miaka sita nyuma. Mikanda yenye cheti cha SFI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya vifaa vya mbio, hupewa miaka miwili tu tangu itengenezwe, kwa sababu jua, jasho na matope hula nyuzi hata kama macho hayaoni kitu. Kanuni hiyo nilikuwa naijua. Nikachukua wembe nikaikata lebo. Mkaguzi wa uwanja ule, ambao sitautaja, aliangalia bawa, akapima matairi, akanipiga bega akasema nenda. Nikaenda.

Ilikuwa mbio za mchujo, raundi ya tano. Naingia kona ya tatu, aliyekuwa mbele yangu gari likamteleza nyuma, gurudumu langu la mbele likagusa lake la nyuma. Magurudumu ya sprinti yako wazi, hayana bodi ya kuyatenganisha. Yakigusana huku yanazunguka, la gari linalofuata linalipanda la gari lililotangulia kama mtu anayekimbilia ngazi. Sikusikia kishindo. Niliona taa za uwanja, nikaona udongo, nikaona taa tena. Walioshuhudia wanasema nilibiringika mara nne. Bawa lilikunjika mwanzo kabisa, na hiyo nayo ni kazi yake, kuchukua sehemu ya kipigo.

Kizimba hakikupinda hata kidogo. Mimi niliyekuwa ndani yake ndiye niliyerushwarushwa. Mkanda wa bega la kushoto uliachia nyuzi, wa kulia ukabeba mzigo wote na kuuvunja mtulinga. Kichwa kikaenda juu kulia, kofia ikagonga bomba lile lile nililolichomelea kwa mikono yangu. Nilikuwa nimevaa HANS ya kuazima, kile kishikilia shingo kinachokaa mabegani, lakini HANS hukandamizwa na mikanda ya mabega. Mkanda ukiachia, upande ule HANS haina kazi. Upande mmoja ulishika, na shingo yangu ipo kwa sababu hiyo.

Kilichofuata nimekiona kwenye video, sikikumbuki. Nilijifungua mikanda, nikatoka, nikaanza kumfuata yule dereva mwenzangu katikati ya uwanja nimekunja ngumi ya mkono mmoja, mwingine unaning'inia. Mke wangu alikuwa jukwaani na binti yetu. Kila ninapoitazama video ile namkumbuka Kevin Ward Jr., kijana wa miaka 20, aliyeshuka kwenye gari lake la sprinti Agosti 2014 huko Canandaigua, New York, akatembea kuelekea magari yaliyokuwa yakipita, akagongwa akafa. Siku chache baadaye NASCAR, chama kikubwa cha mbio za magari Marekani, ikatoa kanuni: dereva anabaki garini mpaka waokoaji wamfikie, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo. Nilikuwa nimeisoma kanuni ile. Nilikuwa nimeifundisha vijana wawili. Hasira haikumbuki kanuni, ndugu zangu.

Mhudumu wa gari la wagonjwa aliniuliza leo siku gani. Nikajibu. Akaniuliza kichwa. Nikasema kizima, ni bega tu. Kichwa kilikuwa kinalia kama kengele ya shule. Nilidanganya kwa sababu ukisema kichwa, wanakusimamisha mbio, na mimi nilikuwa nahesabu Jumamosi zilizobaki. Siku ya tatu nilisimama mbele ya geti la nyumba tunayoishi dakika ishirini, nimesahau namba za kufungulia, namba nilizokuwa nikizibonyeza kila siku kwa miaka miwili. Binti yangu ndiye aliyenikuta akitoka shule. Akazibonyeza yeye, akanishika mkono. Alikuwa na miaka saba. Daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo, na kwamba laiti ningepanda gari Jumamosi ile na kugonga tena kabla ubongo haujapona, pigo dogo tu lingeweza kuniua. Wiki saba sikufanya kazi.

Sikiliza sasa, wewe mwenye ganda nyuma ya nyumba. Kizimba kinalinda chumba. Mwenye chumba analindwa na mikanda na kiti. Gari likisimama ghafla, mwili unaendelea na mwendo ule ule mpaka kitu kiuzuie. Mkanda ukiwa umekazwa mpaka unaona taabu kuvuta pumzi ndefu, unasimama pamoja na gari. Ukiacha nafasi ya vidole vitatu, gari linasimama kwanza, wewe unavisafiri hivyo vidole vitatu, halafu unagongwa peke yako. Nafasi hiyo ndiyo inayovunja watu. Ndiyo maana viti vya siku hizi vinakukumbatia mbavu, mabega na pande zote mbili za kichwa. Ndiyo maana tunafunga kamba kwenye mikono, ili gari likibiringika mkono usitoke nje ya kizimba. Na ndiyo maana pointi nne hazitoshi, kijana wangu: bila mkanda wa katikati ya miguu, mwili unateleza chini na mkanda wa nyonga unapanda tumboni. Kaza mikanda. Ukishaikaza, mwambie mwenzako aikaze tena.

Ujuzi wenyewe si mgeni. HANS ilibuniwa na Robert Hubbard miaka ya 1980 mwanzoni, na karibu miaka ishirini madereva wengi waliikataa, inabana, inachosha, inaonesha woga. Dale Earnhardt, bingwa mara saba wa NASCAR, hakuwa ameivaa alipogonga ukuta raundi ya mwisho ya Daytona 500, Februari 2001. Alikufa kwa kuvunjika kitako cha fuvu, na jeraha hilo ndilo HANS ilibuniwa kulizuia. Kabla mwaka haujaisha NASCAR ikalazimisha vishikilia shingo. Nikisoma habari ile siwezi kumlaumu marehemu, kwa sababu mimi nilikuwa na wembe mkononi.

Wala sitakuambia kwamba ukinunua vyote uko salama. Tony Stewart, bingwa mara tatu wa NASCAR, mtu asiyekosa kifaa, alivunjika mguu kwenye gari la sprinti Agosti 2013 pale Oskaloosa, jirani kabisa na Knoxville, msimu wake ukaishia hapo. Bryan Clauson aliongoza raundi kadhaa za Indianapolis 500 mwaka 2016, na Agosti mwaka huo huo akafariki kwa ajali ya midget, gari dogo la mbio linalofanana na la sprinti, huko Belleville, Kansas, akiwa na miaka 27. Viungo vyake vikatolewa kuokoa wengine. Siku chache baadaye Jason Johnson akashinda Knoxville Nationals. Juni 2018 Johnson naye akapata ajali Beaver Dam, Wisconsin, akipigania uongozi wa mbio, akafariki kesho yake. Hawa walikuwa na kila kitu kinachonunuliwa. Ukitaka mchezo huu ukubali hilo kwanza, umwambie na mkeo au mama yako, usimfiche. Lakini ikiwa wenye kila kitu wanakufa, wewe wa mikanda ya mtumba unategemea nini?

Kuna jambo lingine limenikaa moyoni. Jumuiya yetu ya Waswahili hapa Des Moines, wengi ni Wakongo na Warundi waliopitia makambini, ilinichangia pesa ya kodi nilipokuwa kitandani. Siku ya kukabidhi mchango, mzee mmoja ninayemheshimu alisimama mbele ya watu wote akasema: "Wenzako wamekimbia kifo wakaja huku. Wewe unakikatia tiketi." Watu wakaguna. Nikashukuru, nikapokea bahasha, nikaketi. Sijamjibu mpaka leo. Angekuwa amesema niache mbio ningebishana naye. Lakini kuhusu mikanda alikuwa sahihi bila kujua, na hilo ndilo linalouma. Pesa za akina mama wanaofanya kazi ya usiku kwenye viwanda vya nyama zililipa deni la dola mia na arobaini nilizozibana.

Nilipopona niliuza injini. Ndiyo, ile injini. Kwa pesa hizo nikanunua kiti cha kukumbatia, mikanda mipya ya pointi saba, HANS yangu mwenyewe, na kofia mpya, kwa sababu kofia iliyogonga mara moja imeshatumika, povu lake la ndani likishabonyea halirudi. Nikafunga injini dhaifu ya mkopo, nikamaliza msimu mzima nikishika mkia. Wapo walionicheka. Nikawa nafunga mikanda ile dakika nne kila mbio, wengine wameshamaliza, pikapu inanisubiri.

Jumamosi iliyopita nilimaliza wa tatu. Wa tatu kati ya magari kumi na tisa, kwa injini ambayo hakuna aliyeitaka. Raundi ya kumi na nne kulikuwa na ajali ya magari matatu mbele yangu, nikapita katikati nikijua kwamba hata nikigongwa, mwili wangu na gari ni kitu kimoja. Ule utulivu hauuzwi pamoja na injini. Nilipotoka garini binti yangu alikuja kunifungua kamba za mikono. Siku hizi hiyo ni kazi yake, hataki mtu mwingine aishike.

Sasa nakurudia wewe wa Morogoro. Angalia lebo kabla ya rangi. Ikiwa ni mikanda yenye cheti cha FIA, shirikisho la kimataifa la magari, mwaka wa mwisho wa kuitumia umeandikwa pale pale. Ikiwa ya SFI, hesabu miaka miwili tangu itengenezwe. Isiyo na lebo usiihesabu kabisa. Kama pesa haitoshi, uzeni kitu kimoja cha injini, msimu mmoja mkimbie taratibu. Nitumie kipimo cha kiti mtakachofunga na unene wa mabomba ya kizimba. Mpwa wangu anakuja Dar Desemba, nitampa mikanda mipya ya pointi sita, mtanilipa mkiweza.

Na kabla hujamrudishia jamaa mikanda yake, muulize swali moja kwa ajili yangu. Ametuambia imetoka kwenye gari lililopinduka. Muulize dereva aliyekuwa ameifunga siku hiyo yuko wapi sasa.