Kuziba kibaraza cha nyumba ya mirathi: je, ruhusa ya mama inatosha?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Marehemu baba alituachia nyumba Ngamiani, Tanga. Warithi ni mama yetu, sisi wanaume wawili na dada zetu watatu; babu na bibi walikwishatangulia. Mirathi haijagawanywa. Mimi ndiye ninayeishi humo na mama, mke wangu na watoto. Binti yangu ana miaka 12 na bado analala chumba kimoja na kaka zake. Nimeamua kuziba kibaraza cha mbele kwa tofali nipate vyumba viwili, na fundi anashauri tutoke futi 2 nje ya nguzo ili vitanda vienee. Mama ameridhia, na anakumbuka baba akisema, "Hapo mbele atajenga huyu." Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba nataka kukiboresha kibaraza. Mdogo wangu akaweka dole gumba, dada wawili wakanyamaza, dada mkubwa akakataa, anasema nikishajenga sitatoka. Fundi keshapandisha kozi mbili. Je, nina kosa?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Msimamishe fundi kwanza, kisha tuzungumze.

Haja uliyonayo ni ya kweli, tena ina asili katika dini. Mtume (s.a.w.) ameamrisha watoto wafundishwe swala wakifika miaka 7, na wakifika 10 watenganishwe malazi, hadithi iko kwa Abu Daud. Binti yako amepita umri huo. Kwa hiyo dada zako wasije wakasema ni tamaa ya nyumba tu. Lakini haja, hata ikiwa kubwa vipi, haimhamishii mtu umiliki wa mwenzake.

Sasa nyumba hiyo ni ya nani? Baba alipokata roho, na baada ya kulipwa deni na kutekelezwa wasia kama vilikuwepo, mali ilihamia kwa warithi siku ileile, igawanywe isigawanywe. Kwa aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa, mama yenu anapata thumuni, yaani fungu 1 katika 8, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Yanabaki mafungu 7, na mwanamume anapata sawa na wanawake wawili: wewe 2, mdogo wako 2, kila dada 1. Hesabu imekaa yenyewe, haihitaji hata kalamu.

Mama aliporidhia ameridhia fungu lake moja. Ukiongeza yako mawili, ni matatu katika manane. Na hata yangetimia saba, la nane lingebaki na mwenyewe, kwani hapa hakuna kura ya wengi wape. Wala usidhani kwamba fungu la dada mkubwa liko kule nyuma jikoni na la kwako liko mbele. Mali isiyogawanywa ni ya ushirika: kila mmoja ana sehemu katika kila tofali na kila shubiri ya sakafu, kibaraza kikiwemo. Watu hujidanganya hapa. Wanaona kibaraza ni mahali pa wazi, si chumba, basi aliyemo nyumbani akikiziba anahisi hajachukua cha mtu.

Kuhusu maneno ya baba, "Hapo mbele atajenga huyu." Mama namwamini, na pengine baba alikutakia hivyo kwa moyo mmoja. Lakini tuyatazame. Kama ni zawadi, zawadi haitimii mpaka ipokewe na kukabidhiwa wakati wa uhai wa mtoaji, na neno "atajenga" halikabidhi kitu. Kama ni wasia, Mtume (s.a.w.) amesema hapana wasia kwa mrithi, wamepokea Abu Daud na Tirmidhi, na wasia wa namna hiyo hausimami ila warithi wengine wakiuridhia baada ya kifo. Tumerudi palepale: kwa dada zako.

Nao umewauliza nini hasa? Umeandika "kukiboresha kibaraza." Mimi ningesoma hivyo ningefikiria rangi, vigae, labda wavu wa mbu. Hukuandika kuta, vyumba viwili, mlango na kufuli. Dole gumba la mdogo wako limejibu swali ambalo hukulieleza, basi mpigie simu umweleze upya. Waliokaa kimya nao usiwaweke upande wako. Imam Shafi'i ana kauli mashuhuri kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Kweli kuna mahali kimya kimekubaliwa kuwa ridhaa, kama kwa bikira anapoulizwa juu ya ndoa yake, lakini pale pana andiko. Kwenye tofali juu ya ardhi ya mtu hakuna.

Dada mkubwa ndiye aliyesema wazi, na naona umekasirika naye zaidi kuliko wote. Hofu yake ina msingi. Mtu akishajenga, mkono wake kwenye mali unakuwa na nguvu, na siku ya kugawana atasema, "Mimi nimetia gharama zangu hapa." Kesi za namna hii zinafika misikitini kila mwaka. Sahaba Said bin Zayd (r.a.) alishitakiwa na mwanamke mbele ya Marwan kwamba amemega ardhi yake. Akauliza vipi angefanya hivyo na hali amemsikia Mtume akisema anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba. Kisha akamwachia ile ardhi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Yule alikuwa anajua kuwa ni haki yake, na bado aliachia.

Kozi mbili zilizokwisha kupanda zina hukumu yake. Mshirika aliyejenga bila idhini ya wenzake, wenzake wana haki ya kutaka kivunjwe bila kumlipa gharama, ila tofali zinabaki mali yake. Wakiridhia baada ya kuelezwa, basi ziacheni. Kwa hiyo jambo hili linaweza kumalizika bila nyundo, ukilikimbilia sasa kabla hujafika kwenye lenta.

Kwa usiku wa leo, binti ahamie chumbani kwa bibi yake. Nashangaa hilo halikutajwa. Nyumba nyingi zetu zimelea mabinti hivyohivyo, na amri ya malazi itakuwa imetekelezwa bila mfuko mmoja wa saruji.

Kisha itisheni kikao, ana kwa ana au kwa simu, wote watano na mama. Njia iliyonyooka zaidi ni kugawa mirathi yenyewe: mteueni msimamizi, athibitishwe na Mahakama ya Mwanzo, nyumba ithaminiwe, na wewe ukiweza ununue mafungu ya dada zako kwa bei ya haki, hata kwa awamu. Ukishamiliki, ziba utakavyo ndani ya mpaka wako. Wasipokuwa tayari kugawa sasa, wanaweza kukuruhusu ujenge kwa masharti, na masharti yaandikwe mbele ya mashahidi, kwa mfano wa aya ya 282 ya Suratul-Baqara inayoamrisha deni liandikwe. Iandikwe kwamba kiwanja ni cha wote, tofali na bati ni zako, na siku ya kuuza au kugawana utalipwa thamani ya jengo kama itakavyokadiriwa siku hiyo, au utalibomoa mwenyewe. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayomtuliza dada mkubwa. Akikataa hata hivyo, hana dhambi. Ni mali yake.

Zile futi 2 nje ya nguzo ni jambo jingine kabisa, kwani hapo hata warithi wote wakitia sahihi haiwi halali. Nje ya nguzo ni njia ya watu. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu wanachosomeshwa wanafunzi wetu wa madhehebu ya Shafi'i, ameharimisha kujenga dakka au kupanda mti kwenye njia inayopitiwa na wote, akataja na kauli dhaifu kwamba inafaa isipodhuru. Dakka ndiyo hii baraza yetu ya kukalia. (Msitoke hapa mkaenda kuvunja mabaraza ya wazee, yaliyokutwa tangu zamani yanachukuliwa kuwa yaliwekwa kwa haki mpaka ithibiti vinginevyo.) Na hadithi ya Bukhari na Muslim inasema watu wakihitilafiana juu ya njia, iachwe dhiraa 7, kama mita 3 na ushei. Mjumbe hana mamlaka ya kukupa futi hizo, na fundi ndiyo kabisa. Hata ndani ya nguzo, kata kibali cha halmashauri, na angalia usizibe dirisha la jirani wala kuelekeza maji ya bati kwake.

Kuna moja hukuniuliza. Umekaa kwenye nyumba ya watu sita bila kulipa kodi. Kama wenzako wameridhia kwa sababu unamtunza mama, huna deni. Kama hakuna aliyewahi kuwauliza, waulize kwenye kikao hichohicho, kabla hujataja kibaraza.

Wallahu a'lam.