Sindano, tembe, koili: nilikosea mara mbili kabla ya kuipata yangu

Usiku wa Alhamisi iliyopita nilirudi kutoka Mambrui kwenye mapishi ya harusi, mikono bado inanuka bizari, nikakuta ujumbe wa msichana wa kisiwa cha Pate. Ana miaka 22. Mwanawe wa kwanza ana miezi minne na bado ananyonya. Aliniandikia hivi: "Dada, shoga yangu ameweka kijiti mkononi na hana tatizo lolote. Na mimi nikaweke hichohicho? Nataka kurudi chuo Januari."

Kijiti ni njia ya kupanga uzazi: kifimbo kidogo chenye homoni kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Usingizi ulinipaa. "Shoga yangu hana tatizo" ndiyo maneno yaliyonipeleka mimi kliniki miaka 13 iliyopita, na gharama yake naikumbuka mpaka leo. Nikasema jibu hili nitaliandika hapa, mlisome wote, maana najua mnaonifuata ni wanawake wenye ndoto kama zangu. Mnataka watoto, mnataka na biashara au cheti mkononi, na hamtaki kimoja kikimeze kingine.

Mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, nikaolewa Pate. Mume wangu ni mvuvi wa kamba. Binti yetu wa kwanza alipofika miezi mitano nilianza kuogopa mimba, kwa kuwa mama yangu alitupata sisi kwa mfululizo na nilimwona alivyochakaa. Shoga yangu wa nyumba ya pili alikuwa anapiga sindano ya miezi mitatu. Akaniambia haionekani, haina kelele, mavyaa hatajua. Nikamfuata. Pale kliniki niliulizwa jina, umri na kama nina mimba. Sindano ikaingia, kadi ikaandikwa tarehe ya kurudi, nikarudi zangu nyumbani nikijiona mjanja wa kisiwa kizima.

Hakuna aliyeniambia habari ya matone. Miezi minne ya kwanza damu ilikuwa inakuja inapotaka: leo doa, kesho hamna, keshokutwa doa tena. Ikaniingilia na Ramadhani. Sijui kama wanaotushauri huwa wanalifikiria jambo hili, lakini kwa mwanamke wa Kiislamu damu isiyo na mpango inagusa mpaka ibada yake. Nilikuwa naamka daku nimetia nia, adhuhuri naona doa, naacha. Siku zikanilimbikia kama deni la duka. Baadaye sana ndipo mwalimu wangu wa madrasa, mwanamke mwenye elimu yake, aliponikalisha akanifundisha tofauti ya hedhi na istihadha, yaani damu inayotoka nje ya siku za hedhi. Damu ya istihadha haimzuii mtu sala wala saumu. Unajisafisha, unatawadha, unasali. Nililia. Nilikuwa nimejinyima sala nyingi kwa kutojua. Basi dada yangu, kabla hujakubali njia yoyote, uliza: hii itaifanya nini damu yangu? Kisha mwulize mwenye elimu ya dini akupangie siku zako.

Baada ya hapo damu ikakatika kabisa. Hiyo nayo ni kawaida ya sindano ile. Wengi hukaa miezi bila kuona siku zao. Mtaani niliambiwa damu inajikusanya tumboni itageuka uvimbe. Si kweli. Homoni ya sindano huuacha ukuta wa mji wa mimba ukiwa mwembamba, kwa hivyo hakuna kinachojikusanya na hakuna cha kutoka. Lakini mimi hilo sikulijua, na nikakaa na hofu ile peke yangu.

Halafu kuna suala la maji. Sindano hupigwa kila baada ya wiki 13. Zahanati ya karibu ilikuwa ikiishiwa dawa, basi sharti niende Amu, na anayeijua njia ya Mkanda anajua kwamba maji yakipwa boti haipiti. Unangoja maji yajae. Miezi ya kusi bahari inachafuka, na pesa za nauli zinakuwa hazipo kwa sababu wavuvi hawatoki. Mara moja nilichelewa siku kumi, na pale nilipofika nikarudishwa nyumbani, nikaambiwa ningoje mpaka nione damu. Damu gani, na nimeshakaa nusu mwaka siioni! Leo najua kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu sindano hii kupigwa hata ukichelewa mpaka wiki nne. Ningelijua siku ile nisingelirudi kisiwani nimejikunyata kwenye boti kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Miaka miwili ikaisha. Tukataka mtoto wa pili, nikaacha sindano. Nilidhani mambo ni kama kuzima na kuwasha taa.

Mwezi wa tatu hamna. Wa sita hamna. Mavyaa akaanza kuniangalia tumbo kabla hajanijibu salamu. Siku ya maulidi, tumekaa wanawake tele kwenye mkeka, wifi yangu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba kisima kimekaushwa kwa sindano. Wanawake wakainamisha macho. Mume wangu alipopata habari hakusema neno. Wiki iliyofuata jina la msichana mwingine likaanza kutajwa pale nyumbani, wa ukoo wao, hodari wa kazi, mwenye nyonga. Najua wifi yangu husoma ninayoyaandika. Nimemsamehe, lakini sijasahau, na sitaki mwanamke mwingine akae kwenye mkeka ule.

Kisima hakikuwa kimekauka. Sindano haiharibu kizazi, ila ni njia inayochelewa kutoka mwilini kuliko nyingine. Kwa wastani mwanamke hushika mimba kama miezi kumi baada ya sindano yake ya mwisho, na wengine hukawia zaidi. Mimi ilinichukua miezi 14. Kijiti kikitolewa, koili (kidude kinachowekwa ndani ya mji wa mimba) ikitolewa, tembe zikiachwa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Sentensi mbili tu hizo! Mtu angenambia sentensi mbili siku ile ya kwanza, ningejua kwamba sindano haimfai mwanamke anayetaka mtoto katika mwaka mmoja au miwili. Kumbe shoga yangu alikuwa na watoto watano na hataki tena. Kwake kuchelewa ni neema. Kwangu kulikaribia kuniletea mke mwenza.

Mwanangu wa kiume akazaliwa, na wote wakanyamaza.

Tukahamia Malindi, nyumba ya kupanga Barani, nikaanza biashara ya mapishi kwa sufuria mbili za kuazima. Leo nina wasichana wanne ninaowalipa, na harusi nyingi za Shela na Watamu zimekula biriani yangu. Nasema haya kwa fahari kwa sababu nimeyatolea jasho. Mtoto alipofika miezi tisa nikaanza tembe. Kosa la pili. Safari hii sikumfuata shoga, nilikimbia sindano tu, na kukimbia si kuchagua.

Pakiti ina tembe 28: za homoni 21, na saba za mwisho, zile za rangi ya kahawia, ni madini ya chuma. Unameza moja kila siku, saa ileile. Nzuri sana kwa mwanamke mwenye siku zenye utaratibu. Mimi siku ya harusi naamka saa tisa usiku kukata vitunguu, narudi usiku wa pili. Wiki moja ya mfungo tatu niliruka tembe tatu, nikazimeza zote pamoja nikidhani nimelipa. Nilipaswa kumeza moja mara nilipokumbuka, niendelee na pakiti, na siku saba tutumie kondomu. Tena vipo vidonge vya dharura, ambavyo humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya siku tano. Sikufanya hata kimoja. Katika wanawake 100 wanaotumia tembe jinsi watu wanavyozitumia kweli, na kusahau kwao kote, kama saba hushika mimba mwaka wa kwanza. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwanangu wa tatu simjutii hata sekunde moja. Ni mcheshi, anafanana na marehemu baba yangu. Lakini mimba yake ilinipandisha presha mpaka 150 kwa 100 na nikalazwa wiki mbili. Hapo ndipo nikagundua jambo linalonichoma hadi leo: tembe zile nilipewa bila ya mtu kunifunga mpira mkononi anipime presha. Tembe zenye homoni ya estrojeni, kama zile zangu, hazifai kwa mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi, wala kwa mvutaji sigara aliyefika miaka 35, wala kwa mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli, wala kwa aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni au mapafuni. Pima presha kabla ya tembe. Ukiambiwa mashine imeharibika, nenda kwingine.

Aliyeniokoa ni nesi mmoja hapahapa Malindi, mama wa Kigiriama mwenye sauti ya chini. Kijana wangu alikuwa na miezi sita. Nilimwambia nipe chochote ila sindano na tembe. Akakataa. Akavuta kiti, akasema, "Mama, kwanza niambie unavyoishi."

Akaniuliza nataka mtoto mwingine lini, au nimetosheka. Kama nanyonyesha. Presha. Kichwa. Kama natumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya tembe na vijiti, na baadhi ya dawa za virusi hufanya vivyo hivyo. Kama naweza kukumbuka kitu kila siku. Kliniki iko umbali gani. Nyumbani nani anajua na nani hapaswi kujua. Kama nina sababu ya kuogopa maradhi ya zinaa, kwa kuwa katika njia hizi zote kondomu peke yake ndiyo inayokinga hayo. Na akaniuliza damu nataka iweje. Hilo la mwisho ndilo lililonifungua kinywa. Nikamweleza Ramadhani yangu, nikamweleza na mkeka wa maulidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na foleni nje ilikuwa ndefu.

Tukafika kwenye koili ya shaba. Haina homoni, kwa hivyo presha yangu haiguswi. Hukaa mpaka miaka 12, na wanaoshika mimba nayo mwaka wa kwanza hawafiki mmoja katika 100. Hedhi huwa nzito zaidi na tumbo huuma zaidi, hasa miezi ya mwanzo, akaniambia wazi. Mwenye damu nyingi tangu asili au upungufu wa damu ashauriane vizuri kwanza na mhudumu. Lakini hedhi yangu ingebaki na tarehe zake, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kuwekwa kulichukua dakika chache, na uchungu wake ni kama wa hedhi mbaya. Miezi mitatu ya kwanza nilimeza dawa za maumivu. Baadaye nikaizoea. Niko mwaka wa sita. Haikupanda kifuani kama nilivyotishwa. Koili hukaa ndani ya mji wa mimba, na ikitoka, hutoka kwa chini.

Mume wangu nilimwambia kabla, safari hii kwa ukamilifu. Akaenda kwa shehe, akaambiwa kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, zama za Mtume na hawakukatazwa, na kwamba wanachuoni hutofautisha kupanga nafasi kati ya watoto na kukata kizazi moja kwa moja bila dharura. Alirudi akanitaka radhi kwa kimya chake cha miaka ile. Waume mnaosoma hapa, msingoje mpaka mje kutaka radhi. Nendeni kliniki na wake zenu. Mwanamke ambaye kwake mazungumzo hayo ni hatari, naye ana haki yake: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, afya ya uzazi ikiwemo.

Sasa wewe mdogo wangu wa Pate. Mtoto wa miezi minne, akinyonya ziwa tupu usiku na mchana na hedhi yako haijarudi, kunyonyesha kwenyewe kunakukinga, lakini mwisho ni miezi sita, au kabla ya hapo hedhi ikirudi au ukianza kumpa uji. Januari hutakuwa na kinga hiyo. Kijiti huenda kikakufaa kweli: hakipunguzi maziwa, hukaa miaka mitatu au mitano kulingana na aina, na hakidai boti ya kila miezi mitatu. Matone lakini hata chenyewe kinaleta. Na kabla hawajakiingiza, waulize nani atakitoa, na wapi, siku ukitaka kitoke. Usikubali kuwekewa kitu ambacho wa kukitoa hayupo. Tembe zenye estrojeni usiguse mpaka mtoto apite miezi sita.

Usiende kutaja jina la njia. Nenda ukaeleze maisha yako, umalizie na Januari na chuo.

Nilimtumia haya kwa ufupi Ijumaa asubuhi. Amenijibu jana: anakwenda Amu Jumanne, maji yakijaa, na mumewe amesema atambeba mtoto. Nimemkumbusha achukue kadi ya kliniki, na wapime presha.