Msaada unazima vita au unavichochea? Niliyoyaona kwenye lori la chakula

Ndugu uliyeuliza kama misaada ya wazungu inazima vita au inavichochea, mimi si msomi. Ni dereva, mtoto wa Bombo. Kati ya 2003 na 2006 nilibeba unga wa posho, maharage na mafuta ya kula kutoka Kampala hadi kambi za waliohamishwa na vita huko Gulu na Pader, kaskazini mwa Uganda.

Kambi zile hazikuanzishwa na mashirika. Mwaka 1996 serikali ndiyo iliyowaamuru Waacholi, wenyeji wa huko, waache mashamba wakusanyike karibu na jeshi, ili waasi wa LRA, watu wa Joseph Kony, wakose chakula na habari. Sawa, lakini aliyezuiwa kufika shambani kwake atakula nini? Ndipo tukaingia sisi wa malori. Kufikia 2005 waliohama makwao kaskazini walikuwa karibu milioni 1.8. Bila magunia yale mpango usingefika hata mwaka. Nikisema hivi wenzangu hukasirika, wanadhani natamani watu wangekufa njaa. La! Chakula kiliwaokoa, na hicho hicho kikawaondolea wakubwa wa serikali haraka ya kumaliza vita.

Halafu kuna siku ya mgao. Tulikwenda kwa msafara, mamba, yaani gari la deraya la jeshi, mbele, jingine nyuma. Tunashusha, kadi zinakaguliwa, saa kumi tunageuza na walinzi wanageuza nasi. Usiku huo ndio wakazi wa kambi waliouogopa. Walioko msituni walijua ratiba kuliko mimi. Kambi moja ya Pader tulishusha Jumatano. Alhamisi tukasikia magunia yamechukuliwa, na vijana wa kuyabeba pia. Gunia haliendi msituni lenyewe, lazima kichwa cha mtoto kiwe chini yake. Safari iliyofuata mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, waambie walete nusu, waje mara mbili." Nikawaambia. Nikajibiwa dizeli ni ghali.

Siku hizi nakwenda Yumbe, Bidi Bidi, kwa wakimbizi wa Sudan Kusini. Huko kanuni ni kwamba asilimia 30 ya msaada iwafae wenyeji: shule, zahanati, visima. Hiyo naiunga mkono kabisa, maana anayechota bomba moja na mgeni hana haraka ya kushika panga. Ila Aprili 2020 mgao wa chakula ulipokatwa kwa asilimia 30, kesi za kuni na kuku kati ya wenyeji na wakimbizi zikamjaa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) hadi akahamishia kikao chini ya mwembe.